Meza ya Mia Tano: Tulivyotafuta Hela za Klabu ya Chesi Mwanza

Nilipokabidhiwa kazi ya mweka hazina wa klabu ya chesi chuoni kwetu, makabidhiano yalikwisha haraka: daftari la mistari, bahasha ya kaki yenye noti chache za elfu moja, na deni la fotokopi kwenye stationari ya getini. Chuo kilikuwa kimetupa darasa la kuchezea jioni na mwalimu mlezi mpole, na kwa hayo mawili nashukuru hadi leo. Fungu la michezo la serikali ya wanafunzi lilikwenda kwenye mpira wa miguu na netiboli. Sikuona ubaya. Timu inayojaza uwanja mzima huwezi kuipigania fungu ukiwa na wanachama wasiofika hata ishirini, na mchezo ambao watu wakipita dirishani wanauliza kama tuko kwenye mtihani.

Nilikaa na kazi ile mpaka nilipohitimu. Nikiangalia daftari sasa naona jambo moja waziwazi: hela iliyotufaa ilitoka kwenye mchezo wenyewe. Kila tulipouweka ubao pembeni tukaenda kuuza kitu kingine, tulipata vijisenti na tukapoteza wachezaji.

Kabla ya kutafuta hata senti, mlezi wetu alitulazimisha kuandika mahitaji, halafu akatulazimisha kuyakata. Orodha ya kwanza ilikuwa ya ndoto: mbao za mninga, saa za kidijitali, meza maalumu, fulana, safari ya Dar es Salaam. Saa zilikatwa kwanza, kwa sababu programu ya saa ya chesi unaipata bure kwenye simu na simu kila mtu anayo. Ipasuke kioo, ikae chaji nusu saa, bado inahesabu dakika. Meza zipo darasani. Mbao za mninga tukaziweka mbali.

Mbao zenyewe zilipatikana pale ambapo hakuna aliyefikiria. Mjini kuna wachapaji wengi wa mabango, yale ya turubai laini yanayotundikwa wakati wa semina na misiba. Wanachapa kwa mita ya mraba. Ubao wa mashindano una miraba 64, na kila mraba upande wake ni kama sentimita 5 hadi 6. Ukifanya tano na nusu unapata ubao wa sentimita 44, ukiongeza ukingo unafika 50. Maana yake kila mita moja ya mraba inatoa mbao nne kamili, zinazokunjwa, zinazovumilia chai kumwagika, na kwa bei tuliyopewa zote nne kwa pamoja hazikufika elfu ishirini. Kete tu ndizo zilibidi kununuliwa, seti za plastiki, tukaagiza Kariakoo zikaja kwa basi.

Ule ukingo ndio uliotufungua macho. Mwenzetu mmoja, anayesoma masoko, alisema hizo sentimita tatu za pembeni ni nafasi tupu inayotazamwa na watu wawili kwa saa nzima. Tukaanza kuuza majina. Saluni ya kiume iliyo mkabala na chuo ilichukua ubao wa kwanza kwa sh 10,000, duka la dawa la pili, kijiwe cha bodaboda wakachangishana wakachukua wa tatu. Vijana wa bodaboda ndio waliosumbua zaidi kuhusu maandishi. Walitaka jina la kijiwe liandikwe upande wa mchezaji mwenye kete nyeupe, kwa sababu mweupe ndiye anayeanza. Kabla mbao hazijatoka kwa mchapaji zilikuwa zimeshajilipia na kubakiza, na sisi hatukuwa tumesimama mahali popote na sahani ya kitu cha kuuza.

Nasema hivyo kwa sababu ya sambusa.

Kila klabu ndogo duniani lazima ipite kwenye sambusa. Ni wazo linalokuja lenyewe, halihitaji kikao. Tulinunua unga, nyama ya kusaga, mafuta, mkaa, tukaazima karai kwa shangazi wa mmoja wetu kule Igoma, na watu wanne wakakaa jikoni jioni nzima badala ya kucheza. Ziliisha zote. Faida ilipohesabiwa vizuri, ukitoa mkaa, nauli ya kupeleka na kurudisha karai, na zile zilizoliwa na wapishi wenyewe (ambazo hakuna daftari linaloweza kuzizuia), ilikuwa ndogo kuliko ada ya hao wapishi wanne. Tukarudia tukiamini kwamba wingi utaleta tofauti. Haukuleta. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, mchezaji mzuri kabisa, akaacha kuja. Nilipokutana naye kantini nikamuuliza, akanijibu kwa adabu: "Dada, nilijiunga na chesi. Kila nikija nakuta karai."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mwanafunzi haoni kwa urahisi. Getini kuna mama anayepika, anasomesha watoto kwa lile jiko. Nilipopita kumsalimia alipokea shikamoo yangu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Binti yangu, na nyie mmeamua kuingia biashara ya mama yenu?" Hakukuwa na hasira kwenye swali lile, na ndiyo maana lilinikaa. Karai likarudi Igoma. Baadaye tulipofanya mashindano tulimwomba yeye ndiye auze chakula siku hiyo, akafurahi, na bila kuombwa akatoa sufuria ya uji wa ulezi kwa wachezaji wote.

Fulana nitasema kwa kifupi. Usichape hata moja ambayo haijalipiwa. Kusanya majina, saizi na hela kwanza, halafu ndiyo uende kwa mchapaji. Ukichapa kwa matumaini utabaki na mzigo wa saizi ndogo chini ya kitanda chako bwenini.

Ada ya wanachama tuliiweka sh 1,000 kwa mwezi, na siri yake ni tarehe tu. Mwanafunzi ana wiki moja ya utajiri, ile bumu la mkopo likitoka, na baada ya hapo ni mtu mwingine kabisa. Nilikuwa nakusanya ada ya muhula mzima wiki hiyo hiyo, uso mkavu, mtu bado ananukia viatu vipya vya soko la Mlango Mmoja. Wasiopata mkopo tuliwaruhusu kulipa kidogo kidogo, na wengine walilipa kwa kazi, kama kufundisha wapya. Sikuwahi kumfuata mtu chumbani kumdai. Klabu ya kujifurahisha ikianza kutuma wadai milangoni imekwisha.

Sasa nije kwenye drafti, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi ya kote.

Ubao wa chesi na ubao wa drafti tunayocheza vijiweni ni ule ule, miraba 64. Wenzangu wengine waliiona drafti kama mchezo wa wazee wanaosubiri pensheni. Lakini Mwanza nzima inacheza drafti, kwa vizibo vya soda, huyu vimelala kifudifudi na yule kichalichali, chini ya kila mwembe wenye benchi. Chesi tulikuwa tunaicheza peke yetu. Tukakubaliana kwamba tukienda nje ya chuo tutakwenda na drafti, na chesi itafuata kama mgeni.

Aliyetupa wazo la kwenda Igombe, mwalo wa wavuvi ukingoni mwa Ziwa Victoria, alikuwa mwanachama ambaye baba yake ana mtumbwi wa dagaa. Alisema, msipange Jumamosi kwa sababu ni Jumamosi, pangeni kwa mwezi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za betri na sola. Dagaa wanaifuata taa kwenye giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linakuwa jeupe, taa haina tena cha kuwaambia dagaa, mavuno yanashuka, na mitumbwi mingi inavutwa juu mpaka giza lirudi. Katika siku hizo mwalo umejaa wanaume wanaoshona nyavu asubuhi, na mchana wanacheza drafti kwa ukali ambao sijauona kwingine. Chuo kinachotafuta hadhira ya mchezo wa ubao kingepangiwa nini zaidi ya hapo?

Tulikwenda kwanza kuomba ruhusa, kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi mwaloni. Mlezi alivaa shati la kuchomekea siku hiyo. Walituuliza maswali mawili tu: tutaondoka saa ngapi, na kama kuna kamari. La pili lilikuwa swali la msingi, na nitalirudia.

Tulipeleka mbao zetu za turubai, tukafungua mashindano ya drafti kwa kiingilio cha sh 2,000, na kiingilio chote tukakitangaza mbele ya watu kwamba kinanunua zawadi: ndoo, taa, kanga kwa ajili ya mama wa nyumbani kwa mshindi. Hapo klabu haikupata kitu, na haikukusudia kupata. Kilichotulipa kilikuwa meza ya pembeni. Tuliweka bingwa wetu, kijana wa mwaka wa pili anayejua hesabu hadi unamwonea huruma, na kibao kilichoandikwa kwa chaki: CHEZA NA MSOMI, SH 500. Ukimshinda hupewi hela, jina lako linaandikwa kwenye kibao basi.

Saa ya kwanza alishinda michezo yake yote, na foleni ikapungua. Watu wakaanza kusogea kule kwenye mashindano. Halafu akaja mzee mmoja mwenye kofia ya pama, akaketi bila kusema neno, akamwachia msomi kete mbili za bure, na kwa mruko mmoja akala nne akaingia kingi. Mwalo mzima ulipiga kelele. "Msomi kapigwa!" Watoto wakakimbia kuwaita kaka zao. Mzee akanigeukia mimi niliyeshika bakuli la hela, akasema, "Mayu, niletee mwingine mwenye digrii." Kuanzia hapo foleni haikukatika hadi jua lilipoanza kushuka juu ya maji, kila mtu akitaka jina lake liandikwe chini ya la mzee. Bingwa wetu alirudi chuoni amevimba, na bakuli nalo limevimba.

Nimelifikiria sana hilo. Tulidhani watu watalipa kumwona hodari wetu akishinda. Walilipa kwa raha kumwona akishindwa, na walilipa zaidi kujaribu wenyewe. Safari zilizofuata tulimwambia acheze kwa dhati lakini asikamie mpaka kukunja ndita, na tukaweka kando meza ya chesi ya kufundishia bure. Vijana kadhaa wa mwalo walijifunza farasi anavyotembea, wakabaki wakibishana kwamba mnyama huyo anaonewa.

Kuhusu kamari: mara kwa mara mwanachama anainuka kwenye kikao na kupendekeza bahati nasibu, tiketi sh 1,000, zawadi simu. Inaonekana hela rahisi. Lakini nchini kwetu bahati nasibu iko chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na inasimamiwa na Bodi yake. Huchapi tiketi ukauza tu kwa kuwa nia yako ni njema. Ndiyo sababu nasisitiza ile habari ya jina kwenye kibao badala ya dau. Mchezo wa ubao ukitiwa dau mbele ya wavuvi waliotoka kulipwa, si ajabu jioni ikaishia kituoni.

Chanzo kilichokuwa cha uhakika kuliko vyote hakikuwa na kelele. Shule moja ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza ilitukubalia tufundishe chesi Jumamosi asubuhi. Wazazi walilipia kila mtoto kwa muhula, shule ikakusanya, sisi tukapokea kwa mkupuo. Tuliweka masharti yetu mapema na tukayaandika: wanakwenda walimu wawili siku zote, hakuna kubaki na mtoto peke yake, mwalimu wa shule awepo, na malipo yanagawanywa, sehemu kwa aliyefundisha na sehemu kwa klabu. Wengine walinilaumu kwa kumlipa mwanachama. Walitaka ajitolee. Nikawauliza Jumamosi ngapi wao wenyewe wangejitolea kupanda daladala mbili kabla ya saa tatu asubuhi, na mjadala ukaishia hapo. Mtu anayepata nauli na chakula cha mchana anafika. Anayesukumwa na moyo tu anafika hadi mvua ya kwanza.

Watoto wenyewe walikuwa walimu wetu wa uvumilivu. Kuna mmoja alikataa katakata kumpoteza malkia, na akaja na hoja kwamba malkia hawezi kuliwa na askari wa kawaida kwa kuwa ana walinzi.

Aprili 2024 tulisikia habari za Tunde Onakoya, Mnigeria anayefundisha chesi watoto wa mitaa maskini, aliyecheza kwa saa 60 katika uwanja wa Times Square mjini New York akichangisha kwa ajili ya elimu ya watoto wa Afrika. Lengo lake lilikuwa dola milioni moja. Bwenini hakukulaliwa usiku ule, watu wakifuatilia kwenye simu. Asubuhi kila mtu alitaka tufanye hivyo hivyo. Tulifanya ya kwetu, ndogo, kuanzia asubuhi hadi jioni kwenye varanda ya maktaba, wachezaji wakipokezana, na watu wakiahidi kiasi fulani kwa kila mchezo utakaokamilika.

Kuahidi, watu wa Mwanza wanaahidi. Kazi ni siku inayofuata. Tunasema ahadi ni deni, lakini mdai ndiye anayekosa usingizi. Nilichukua mbinu ya kamati za harusi, maana hakuna taifa linalojua kuchangishana kwa orodha kama sisi. Kundi la WhatsApp, majina yote kwa namba, kiasi kilichoahidiwa, na alama ya vema mbele ya aliyelipa. Kila jioni naituma upya orodha nzima bila maneno mengine. Sikumtaja mtu. Orodha yenyewe ilikuwa inawasemesha. Wengi walilipa ndani ya wiki ya kwanza. Waliobaki niliwaacha, kwa sababu baada ya hapo unatumia vocha nyingi kuliko unachodai.

Barua za ufadhili kwa makampuni tuliandika pia, kwa Kiswahili kizuri na mhuri wa chuo. Nyingi hazikujibiwa, na moja ilijibiwa kwa kututakia kila la heri. Zilizofanikiwa ziliomba kitu, hazikuomba hela. Mwenye basi anaweza asikupe laki mbili taslimu, lakini viti viwili kwenye gari ambalo haliendi limejaa siku ya Jumanne havimgharimu sana, na alitupa. Mwenye duka la vifaa vya ofisi alitoa karatasi za kuandikia michezo. Ukiomba kitu ambacho mtu anacho dukani unamrahisishia kusema ndiyo.

Na waliohitimu wasisahaulike. Waliowahi kucheza kwenye lile darasa, wakapata kazi Geita migodini au Dar, ndio waliotuma bila maswali. Niliwatumia picha ya ubao na matokeo ya ligi ya ndani kila mwisho wa mwezi, bila kuomba. Nilipoomba mara moja kwa mwaka, walijua wanachangia nini.

Hela yote ilipita kwenye lipa namba ya klabu, kamwe si kwenye simu yangu, hata pale ilipoonekana ni usumbufu. Kutoa ilihitaji watu watatu wakubaliane. Kila Ijumaa nilibandika ukurasa wa daftari mlangoni, mapato upande huu na matumizi upande ule, pamoja na makato ya miamala ambayo yalikuwa yanawashangaza watu kuliko kitu kingine chochote. Akaunti ya benki tulifungua baadaye, baada ya kuwa na katiba, muhtasari wa kikao na barua ya chuo.

Mwaka wangu wa mwisho tulipeleka wachezaji wanne Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi, wawili kwa viti vya bure na wawili kwa hela ya wavuvi na watoto. Hawakurudi na kikombe. Walirudi na akiba kidogo iliyosalia kwenye nauli, na kikao cha mwisho nilichokaa kama mweka hazina kilikuwa cha kubishania akiba hiyo. Upande mmoja ulitaka saa mbili za kweli za chesi. Upande wa pili ulitaka kupanda meli ya Nansio kwenda Ukerewe wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa walisikia kule kuna wazee wa drafti wanaomzidi hata yule wa Igombe. Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Ukerewe ikashinda kwa mikono mingi, na bingwa wetu, aliyepigwa mbele ya mwalo mzima, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha. Mlezi alizipigia kura saa.